Ninakesha na kuku mgonjwa, na mume wangu ananikumbusha mama yake

Mpendwa Mshauri,

Nimeifuta barua hii mara tatu kabla ya kuituma, kwa kuwa najua ukifika kwenye neno kuku utacheka. Cheka kwanza, umalize, kisha unisikilize.

Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Nakuru. Mume wangu ni mwalimu, kwao ni Vihiga. Tuna kijana aliye shule ya bweni na binti wa miaka tisa. Tumepanga nyumba Kiamunyi yenye kiwanja kidogo nyuma, na mwaka wa 2021 nilinunua vifaranga 15 wa kienyeji nikidhani nitauza mayai. Sikuwachanja, hilo kosa ni langu. Walipoanza kunenepa kikaingia kideri, ule ugonjwa ambao wengi huuita Newcastle. Shingo zikapinda, kinyesi kikawa kijani, na ndani ya siku nne nilizika 14. Akabaki mmoja mwekundu ambaye binti yangu alimwita Sabuni, maana akiwa kifaranga alitumbukia kwenye karai la kufulia akatoka na povu kichwani.

Sabuni hajawahi kuishi kama kuku wa kufugwa. Anajua mlio wa lango letu. Hutaga kwenye kikapu cha nguo chafu, halafu anatangaza mtaa mzima. Mume wangu alikuwa akimtazama na kusema, "Imondo yangu hiyo inatembea," yaani firigisi yake, na binti anamfukuza kwa kijiko. Ulikuwa mzaha wa nyumba.

Wiki tatu zilizopita aliacha kutaga. Akaanza kusimama wima, mkia chini, kama mama mjamzito aliyechoka kungoja matatu. Nilipomshika tumbo lilicheza kama pakiti ya maziwa. Nilimwita daktari wa mifugo. Akasema kiini cha yai, badala ya kufuata njia yake, kimedondokea ndani ya tumbo na kuchafuka. Akatoa maji kwa sindano, karibu glasi nzima, akamdunga dawa siku tatu. Kwa jumla nimelipa shilingi 2,300. Aliniambia waziwazi kwamba maji yanaweza kurudi, na kwamba siku Sabuni akikataa chakula nimpigie simu tuzungumzie kummaliza asiteseke. Baada ya siku tisa maji yalirudi.

Sasa amelala ndani ya katoni jikoni, juu ya vumbi la mbao. Unajua baridi ya Nakuru mwezi wa Julai. Kila saa nane usiku naamka, nabadilisha chupa ya maji moto niliyoizungushia leso, nampa maji kwa sirinji isiyo na sindano, na yai lililochemshwa na kupondwa. Anakula kidogo, kiasi cha kijiko cha chai.

Usiku mmoja nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nimempakata, mume wangu akaingia kunywa maji. Akasimama pale mlangoni. Akasema, "Mama hakuwahi kuamkiwa saa nane." Akanywa maji yake, akaosha kikombe, akarudi kulala.

Lazima nikueleze. Machi 2023 mama mkwe alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Aliletwa kwetu ili awe karibu na hospitali, akakaa miezi mitano. Niliajiri msichana wa kazi. Nilikuwa natoka saa moja asubuhi kwenda dukani, narudi saa moja usiku. Nikirudi namsalimu, nauliza kama amekula, basi. Usiku yule dada alilala chumba kimoja naye. Sijawahi kumgeuza mama hata mara moja. Nilinunua nepi, nilimlipa dada vizuri, nilijiambia kwamba huo ndio mchango wangu, na kwamba nina sare za shule za kushona. Tena nikuambie ukweli: hatukuwahi kuwa karibu. Miaka yote aliniita "huyo wa Nakuru." Dada aliniambia kwamba alasiri Sabuni alikuwa akilala chini ya kiti cha mama barazani, na mama akimdondoshea wali kwa mkono wake mzima. Mimi sikuona, nilikuwa dukani. Agosti alitaka kurudishwa kwao, na huko ndiko alikofia. Tangu tumzike mume wangu hakuwahi kusema neno lolote juu ya miezi ile, mpaka usiku huo jikoni.

Sasa tunazungumza mambo ya lazima tu: karo, gesi, kodi ya nyumba. Wifi yangu kasikia, akanipigia: "Chinja hiyo kuku, nikija mwisho wa mwezi tuile, mambo yaishe." Binti ananiuliza kila asubuhi kabla ya chai kama Sabuni bado yupo.

Nikimmaliza Sabuni, nitakuwa nimekubali kosa? Nikiendelea, kila usiku nazidi kumthibitishia mume wangu shtaka lake. Na swali linalonikosesha usingizi hata kuku anapolala ni hili: mtu anayemwamkia kuku na hakumwamkia mama, ni mtu wa namna gani? Usiku wa kuamkia leo Sabuni alijikokota akaiacha chupa, akaenda kujibana pembeni mwa katoni, kama ambaye hata yeye amenikataa. Nililia nikaziba mdomo kwa leso.

Fundi Cherehani, Nakuru

*

Dada yangu Fundi,

Sikucheka. Nilitabasamu pale kwenye karai, nikaishia hapo. Nimekulia upande huohuo wa magharibi ambako kuku ni ingokho na hafi kwa uzee. Mgeni akionekana kwenye kona ya barabara, watoto wanaanza kukimbiza. Kwa hiyo najua ni ujasiri kiasi gani kuandika kwamba unakesha na mmoja.

Barua yako ina mambo mawili yaliyosokotana kama uzi kwenye bobini, na nadhani wewe umeyachukulia kama jambo moja. Kuna kuku anayeumwa sana. Na kuna miezi mitano ya mwaka 2023 ambayo hakuna mtu katika nyumba yenu aliyewahi kuizungumzia. Umefika mahali unaona uamuzi juu ya la kwanza utakuwa hukumu juu ya la pili. Niruhusu niyatenganishe kidogo, nianze na kuku, kwa sababu yeye ndiye hana muda.

Nilimweleza daktari wa mifugo ninayemwamini hali ya Sabuni bila kutaja ulikotoka. Aliyokwambia daktari wako ni sawa. Kiini kinapoikosa njia ya mayai na kudondokea tumboni, bakteria hupata chakula, maji hujaa, na kwa kuwa ndege hana ule ukuta wa msuli tulio nao sisi kati ya kifua na tumbo, maji yale hubana vifuko vyake vya hewa. Ndiyo sababu anasimama wima: anatafuta pumzi. Kuyatoa humpunguzia uzito, lakini hakumponyi. Kunaweza kurudiwa, na kila mara kuna hatari zake. Yakitolewa mengi kwa mpigo kuku anaweza kuishiwa nguvu akafa mikononi mwako. Dawa ikiwahi husaidia wengine. Maji yakisharudi baada ya siku tisa, matumaini ni membamba, na sitakudanganya.

Usijilaumu kwamba ulichelewa kuona. Kuku huficha ugonjwa mpaka ashindwe, kwani porini ndege anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Ukiona amekunja mkia, ujue ameumwa siku nyingi kimyakimya.

Mambo ya mikono sasa. Sirinji usiielekeze kooni. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma ya ulimi tu, na maji yakiingia huko utamzamisha ukidhani unamnywesha. Tone moja moja ubavuni mwa mdomo, ameze mwenyewe, kisha jingine. Umefanya vyema kutumia chupa na si jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya makaa huua watu, na ndege huwahi kuanguka kabla yetu. Asubuhi kabla hujamlisha, papasa gole lake pale chini ya shingo: likiwa tupu, chakula cha jana kimeshuka, likiwa bado limejaa, usimwongezee, mpigie daktari. Na katoni, tafadhali, itoke jikoni. Kuku hubeba vijidudu vinavyoharisha watu, salmonela wakiwemo, na una mtoto. Kona ya stoo au ushoroba inatosha, iwe na kikombe chake na kitambaa chake, na binti anawe mikono kwa sabuni ya kweli kila amshikapo. Kumbusu mdomoni, hapana.

Wifi yako mjibu leo. Kuku huyu haliwi. Ameoza tumboni, amedungwa dawa, na kila dawa ya mifugo ina siku zake za kusubiri kabla nyama au mayai yaliwe. Zimeandikwa kwenye lebo. Hata bila dawa, ndege wa hivi si wa sufuria. Kwa hiyo ile njia ya "tumchinje tule, mambo yaishe," ambayo kwetu ingekuwa njia ya heshima kabisa kwa kuku mzima, kwa Sabuni haipo. Ni afadhali ulijue hili mapema, kabla wageni hawajafika na kisu kimenolewa. Usishawishike pia kwenda agroveti kuongeza dawa nyingine kwa kubahatisha. Ukitaka maoni ya pili, uko mahali pazuri: Egerton pale Njoro wana kitivo cha udaktari wa mifugo, na daktari yeyote utakayempata una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa na bodi yao.

Umebaki na njia tatu hivi, na zinaingiliana. Unaweza kuendelea kama unavyofanya, ukimweka katika joto na usafi, akaondoka mwenyewe. Wengi huona hiyo ndiyo njia ya upole. Mara nyingine ni kweli; mara nyingine siku mbili za mwisho ni ngumu, kuku anahema mdomo wazi usiku kucha na hakuna wa kumpigia simu. Unaweza kumwita daktari ayatoe maji tena, ukanunua siku, huenda hata wiki kadhaa ambazo atatoka barazani aote jua, ukijua unanunua siku na si uzima. Au unaweza kumwita daktari ammalize kwa sindano au kwa mkono wake uliozoea, haraka, kabla ya zile siku mbili. Ukichelewa kwa hilo, anayeumia ni yeye. Ukiwahi, utabaki ukijiuliza. Sijapata kukutana na mtu aliyewahi kupatia saa kamili.

Ninachokuomba ni kwamba saa hiyo isitoke kwenye kinywa cha mume wako wala kwenye hofu yako, itoke kwenye mwili wa Sabuni. Amekataa hata yai kwa siku nzima. Anahema mdomo wazi. Kilemba kimebadilika kuwa cha zambarau. Hafungui macho ukimwita kwa ile sauti yenu. Kaeni na binti, mwandike dalili hizo kwenye karatasi, muibandike ukutani. Mtoto wa miaka tisa anayeuliza kila asubuhi "bado yupo?" anajua kinachokuja. Anachokosa ni mtu wa kumwambia. Usije ukamwambia Sabuni amepelekwa ushago kwa kuku wengine. Atahesabu siku, na siku moja kule Vihiga atauliza yuko wapi.

Ukimmaliza leo ili mume wako anyamaze, utakuwa umelipa deni kwa pesa ya mtu mwingine. Lakini kuna upande wa pili ambao hukuutaja, nami nautaja kwa upole. Ukiendelea kumshikilia ili kujionyesha mwenyewe kwamba unajua kuuguza, hapo pia utakuwa umemtwika ndege wa kilo mbili mzigo usiokuwa wake. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ukiwa pale kwenye kigoda, jiulize usiku huu unamwamkia nani.

Sasa lile neno.

"Mama hakuwahi kuamkiwa saa nane." Umeliita shtaka. Huenda ni shtaka. Lakini mimi nilivutwa na jambo jingine: saa nane usiku mwalimu aliye na kipindi cha asubuhi alikuwa macho, akazunguka nyumba kutafuta maji. Ni mara ya ngapi? Umekesha siku zote hizi ukidhani uko peke yako. Na aliosha kikombe. Mtu aliyekuja kupigana haoshi kikombe. Naweza kuwa nimekosea kabisa, simjui mume wako, wewe ndiye umemjua miaka. Nataka tu uone kwamba sentensi ile ina milango zaidi ya mmoja, na wewe umeingilia ule unaoumiza zaidi.

Halafu tuipime sentensi yenyewe. Si kweli kwamba hakuamkiwa. Mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi hufa na vidonda huingia mpaka mfupa. Hukutaja vidonda popote. Kama havikuwapo, basi kuna mtu aliyeamka saa nane, na saa kumi, kwa miezi mitano, na mtu huyo alikuwa pale kwa sababu wewe ulimtafuta na kumlipa vizuri. Hilo si kitu kidogo, na nashangaa jinsi unavyolitaja kama vile ulikuwa unajificha nyuma ya noti.

Lakini pia sitakupangusa ukawa safi, kwa sababu hukuniandikia ili nikupanguse. Nimeshona na mafundi. Najua sare za shule zina misimu yake. Kuna wiki kabla shule kufunguliwa ambazo fundi halali. Na kuna wiki za katikati ya muhula ambazo cherehani inapigwa vumbi. Saa kumi na mbili za kazi kila siku, kwa miezi mitano? Ni wewe tu unayejua ni siku zipi ulikuwa kazini na ni siku zipi ulikuwa unakimbia chumba kile. Huenda ni nusu kwa nusu. Mtu aliyeitwa "huyo wa Nakuru" miaka yote, halafu siku moja anaambiwa amvue nguo na kumwosha aliyekuwa akimwita hivyo, ana sababu ya kuchelewa dukani. Sababu hiyo naielewa, ila sijui kama inatosha kuwa haki.

Unauliza mtu anayemwamkia kuku na hakumwamkia mama ni wa namna gani. Mimi naona maswali mengine yanakuja kabla ya hilo. Kuku ana kilo mbili. Unamwinua kwa mkono mmoja. Hana historia nawe isipokuwa njema. Hakutazami kwa jicho la kukupima. Mtu mzima aliyelala upande mmoja ni mzito, ana aibu, ana hasira, na anakumbuka. Tunauguza kwanza kile tunachoweza kukibeba, na hilo ni kweli kwa watu wengi wasio wabaya. Je, uliwahi kumbeba mtu mgonjwa kabla ya mama? Ulifundishwa na nani? Na je, mikono inayojua sasa kumpa kuku maji tone kwa tone, ilikuwa inajua hivyo mwaka 2023?

Kuna na upande wa mume wako ambao barua yako imeuruka. Kwa desturi ya huko kwetu, mwana wa kiume hamwoshi mama yake. Haoni utupu wake, hamgeuzi akiwa hana shuka. Ni mwiko, na hata walioishi mjini miaka 20 mwili wao unaukataa. Kwa hiyo mwalimu alikuwa anarudi jioni, anasimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake mzazi, na hawezi kuingia. Mikono yake ilikuwa imefungwa, na tumaini lake lote lilikuwa kwenye mikono yako. Haikufika, akaletewa ya kukodi. Inawezekana alikulaumu. Inawezekana, na mimi naelekea huko zaidi, kwamba alijilaumu yeye, na alipokuona kwenye kigoda na kile kijiko aliona kitu alichotamani kukifanya mwenyewe na hakuruhusiwa. Nakusihi usiligeuze hili kuwa silaha. "Na wewe ulikuwa wapi?" ni swali halali, na ukilitupa vile litafunga mlango kwa miaka mingine.

Jinsi ya kuanza? Si jikoni, si saa nane. Wanaume wa kwetu huzungumza vizuri wakiwa ubavuni kuliko wakiwa usoni. Msindikize Jumamosi kuchukua gesi, au mtembee mpaka stendi. Usianze kwa kujitetea wala kwa kuomba radhi ya jumla ambayo haijui inaombea nini. Unaweza kusema tu kwamba neno lake lilikufikia, na kwamba ungependa kusikia miezi ile ilikuwaje kwake. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitafika mpaka nyumbani. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema mambo juu ya saa moja hadi saa moja ambayo utapenda kuyajibu papo hapo, nawe usiyajibu siku hiyo. Au atasema alikuwa na usingizi tu, hajui alitamka nini. Hata hilo litakuwa mwanzo. Wifi, kwa sasa, akae nje ya mazungumzo haya; karo ya maneno yake ni kubwa.

Nimeacha mwisho jambo uliloliandika kwa mstari mmoja ukapita: wali. Kuna washauri ambao wangekuambia Sabuni ni mama mkwe, unamuuguza mmoja kwa kumkosa mwingine. Mimi sipendi maelezo yanayokaa sawa namna hiyo. Sabuni ni kuku, na ulimpenda kabla mama hajaugua. Ila ni kweli kwamba alasiri zile, wewe ukiwa dukani na mume wako akiwa darasani, barazani kulikuwa na mwanamke aliyepoteza upande mmoja wa mwili na bado alikuwa na mkono mmoja wa kumlisha mtu. Ninyi wawili hamkuliona. Je, mume wako analijua? Kama halijui, ni lake kulijua, awe anamtaka kuku huyu ndani ya nyumba au hamtaki. Mwambie bila kuomba chochote nalo. Ukimwambia ili akuachie Sabuni, litakuwa rushwa.

Na yule dada. Umemtaja mara nne bila jina, na hiyo ni heshima, lakini yeye ndiye mtu pekee anayeijua miezi mitano ile kutoka ndani: mama alisema nini usiku, aliuliza habari za nani, alikuwa akicheka au hakucheka. Kama bado una namba yake, mpigie. Muulize hali yake kwanza, na kama mlimuaga vizuri. Huenda mume wako akatamani kumsikia kuliko anavyotamani kukusikia wewe au mimi. Huenda pia dada akakumbuka mambo yatakayokuuma. Pima kama uko tayari, hakuna anayekuharakisha.

Sabuni akiondoka, kwa njia yoyote, mzike shimo lenye kina, mbwa wasimfukue, na binti awepo kama anataka kuwepo. Siku za mwanzo utaamka saa nane na hakuna katoni. Kama mwalimu naye yuko macho, huenda mkanywa maji pamoja.

Kuhusu ile kona ya katoni: hakukukataa. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na mgonjwa asiyeweza kwenda mbali hujikokota anapoona moto umezidi. Chupa yako ilikuwa kali mno. Acha maji yapoe kidogo kabla ya kujaza, ongeza leso ya pili, na uiweke upande mmoja tu wa katoni ili awe na pa kuisogelea na pa kuikwepa.